Jua la Maili Moja Halina Filta

Mashosti wa Kibaha na Kisarawe! Leo tunachambua uso. Kope na rangi ya mdomo tuziache kwanza, tukae na fandesheni, na swali lenyewe ni moja tu: upake kiasi gani? Kitaa kimegawanyika. Kuna timu nyepesi, wale wa kupitisha kidogo, ngozi inapumua, wanasepa zao. Kuna timu nzito, wale ambao doa likionekana hata la ukubwa wa ncha ya sindano wanaona siku nzima imeharibika. Nimekaa na timu zote mbili, nimepaka na nimepakwa, na nina msimamo.

Kiasi cha fandesheni hakipangwi na idadi ya chunusi. Kinapangwa na mwanga utakaokupiga, masaa utakayokaa nayo usoni, na umbali wa macho yatakayokuangalia. Aibu isiingie kabisa kwenye hesabu hiyo. Ikiingia, utapaka mpaka chupa iishe na bado utajiona haujafunika.

Chukua manzi wa Kibaha anayepiga kazi mjini. Anaamka saa kumi alfajiri, anajipaka chini ya taa ya chumbani, anadandia daladala Maili Moja, anashuka Mbezi pale stendi ya Magufuli, anaunganisha hadi Kimara, anabanana kwenye mwendokasi mpaka Posta. Hapo uso umeshapitia jasho la mabega ya watu, vumbi la barabara ya Morogoro na jua la dirishani. Mwenzake wa Kisarawe ana msala wa aina nyingine. Kule juu asubuhi ina kaubaridi na unyevu wa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ngozi inatoka nyumbani imetulia tuli, halafu anateremka Pugu, anaingia Gongo la Mboto, na joto la Dar linampokea bila hodi. Hawa wawili wakifika kazini saa mbili, nusu ya siku ya uso wao imeshaisha.

Uso wa safari kama hiyo ukiubebesha fandesheni nzito toka alfajiri, unautafutia soo. Jasho na mafuta yanatoka chini yanasukuma, rangi inahama, inajikusanya kwenye mikunjo ya pua na pembeni ya mdomo, inaacha mabaka kwenye kipaji cha uso. Nyepesi ikififia inafifia taratibu, hakuna anayeshtuka. Nzito ikivunjika inavunjika mapande mapande, na jirani yako wa siti ndiye wa kwanza kuona. Kwa siku ya kazi, ya chuo, ya kuzunguka soko la Loliondo pale Kibaha au kupanda bodaboda kwenda kumwona bibi, nyepesi inatosha kabisa. Namaanisha tone la ukubwa wa punje ya maharage kwa uso mzima. Unaanzia katikati, pembeni ya pua, mashavuni, kidevuni, ndiko wekundu na madoa yanakokaa, halafu unaivuta kuelekea nje ikiwa inaisha yenyewe. Ukifika kwenye mstari wa nywele na karibu na masikio, iwe haipo tena.

Na unachopakia nacho kina kauli kubwa. Sponji lililoloweshwa likakamuliwa vizuri linapunguza uzito. Brashi yenye nywele nyingi zilizobanana inaongeza. Vidole, kwa joto lake, vinaiyeyusha fandesheni ikaingia kwenye ngozi, na kwa siku za kawaida mimi vidole ndivyo napenda kuliko vyote. Chupa ileile moja unaweza kuifanya nyepesi au ya kati kwa kubadilisha mkono tu, bila kutoa hata jero ya ziada.

Sasa tuingie ndani ya chupa, maana hapa ndipo wengi tunapigwa. Kinachofunika kwenye fandesheni ni unga wa rangi. Kuna titani dioksidi, unga mweupe pee, na kuna oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi. Vikichanganywa kwa vipimo tofauti ndiyo zinapatikana rangi zote unazoziona dukani. Fandesheni nzito ina unga mwingi kuliko nyepesi, basi. Sasa kampuni ikitaka kufunika kwa bei rahisi, inamwaga ule mweupe kwa wingi, na ule mweupe kwenye ngozi nyeusi unatoa majivu. Zile nyuso za kijivu unazokutana nazo kwenye picha za send-off, wenye nyuso hawana kosa. Waliuziwa weupe uliotiwa rangi ya kahawia juu.

Hili tatizo halikuanzia kwetu. Iman, binti wa Mogadishu aliyeonekana mitaa ya Nairobi mwaka 1975 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, amesimulia mara nyingi yaliyomkuta alipoanza uanamitindo Marekani. Mpambaji alimuuliza kama amekuja na fandesheni yake mwenyewe. Hakuwa nayo. Akapakwa iliyokuwepo, akatoka kijivu. Toka hapo akawa anajichanganyia rangi zake mwenyewe, na mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi kwa ajili ya ngozi zetu. Septemba 2017 Rihanna akaleta Fenty Beauty na rangi 40 za fandesheni kwa mpigo, na kampuni kubwa zikaanza kukimbizana kuongeza rangi za giza. Mei 2022 Fenty ikaingia rasmi nchi nane za Afrika. Kenya ilikuwemo. Sisi Bongo hatukuwemo, tukaendelea na Kariakoo na watu wa kuagiza. Ila tusisahau wa nyumbani: Shekha Nasser na Shear Illusions yake ametutolea LuvTouch Manjano, na Nairobi Suzie Wokabi alianzisha Suzie Beauty. Hawa walitengeneza wakiwa wanaiangalia ngozi ya huku.

Nakwambia haya kwa sababu rangi na kiasi ni ndugu wa damu. Rangi ikigonga penyewe, unahitaji kidogo sana. Rangi ikikosea, utaongeza, utaongeza tena, na kila unavyoongeza unazidi kuchafua. Nusu ya watu wa timu nzito ninaowajua hawakuhitaji uzito kabisa, walikuwa wanapambana na rangi isiyo yao. Kwa hiyo kabla hujauliza upake kiasi gani, uliza kama hiyo rangi ni ya kwako.

Kujua ni rahisi kama una subira. Usijaribie mgongo wa kiganja, mkono hauna rangi ya uso. Chora mstari kuanzia kwenye taya ushuke nao shingoni, halafu toka nje ya duka. Zile taa nyeupe za madukani zinadanganya, jua la Maili Moja halidanganyi. Zunguka robo saa, maana fandesheni nyingi zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi zinakolea, inayoonekana fresh dakika ya kwanza inaweza kuwa imegeuka baadaye. Mstari ukipotea, hiyo ni ya kwako. Muuzaji akimaindi kwamba unamchelewesha, mpotezee, mtonyo ni wako. Na kumbuka uso mweusi hauna rangi moja: kipaji cha uso na mzunguko wa mdomo huwa na giza zaidi, mashavu yana mwanga zaidi. Chagua inayokubaliana na shingo na kifua. Ukifuata mashavu peke yake utatoka uso Fanta, mikono Coca, kama wanavyosema kitaani.

Hapo sasa niseme wazi kuhusu mkorogo, zile krimu za kujichubua, kwa sababu naumia. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na toka 2019 Shirika la Viwango (TBS) ndilo lenye jukumu la kusimamia vipodozi baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo. Bado makopo yanazunguka. Dada anajichubua ili aonekane ana mwanga, ngozi inalegea, jua linaichoma, madoa yanarudi meusi kuliko mwanzo, hasa kwenye mashavu na kwenye viungo vya vidole. Halafu anakuja kwa mpambaji anataka fandesheni nzito ya kufunika yale madoa. Kesho anapaka mkorogo tena kwa sababu chini ya fandesheni hajipendi. Hakuna tabaka la mekapu linaloweza kuuvunja huo mzunguko. Kama ngozi imeshaungua, inawasha, inavuja maji, hiyo siyo kazi ya mpambaji. Panda bajaji nenda hospitali ya Tumbi, uonane na daktari, na uende na kopo lenyewe mkononi ili ajue anapambana na nini.

Pia msidanganyike na ile SPF iliyoandikwa kwenye chupa ya fandesheni. Ili ikulinde kama inavyoahidi ungetakiwa upake nyingi kuliko mtu yeyote anavyopaka. Ukitaka kinga ya jua, paka losheni ya jua kwanza, iache ikauke, ndipo fandesheni ije juu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hii ni habari ya uhai, na ndiyo maana kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC kule Moshi kilianza kutengeneza losheni ya jua ya KiliSun kwa ajili yao. Kwao swali la kiasi linaanzia hapo, urembo unafuata nyuma.

Tuje kwenye madoa ya chunusi, kwa sababu najua hapo ndipo vidole vinapowasha kuongeza tabaka. Chunusi kwenye ngozi nyeusi ikiondoka inaacha alama nyeusi, na alama inaweza kukaa miezi. Ukitaka kuizima kwa fandesheni, unalazimika kufunika uso mzima kwa ajili ya vidoti vitano. Mchongo ni huu: chukua konsila yenye rangi ya chungwa, au nyekundu-chungwa kama wewe ni mweusi tii, gusa doa lenyewe tu kwa brashi ndogo. Lile chungwa linaua ule ubluu na ukijivu wa doa. Subiri likauke kidogo, kisha juu yake gusa konsila ya rangi ya ngozi yako, mwisho pitisha fandesheni yako nyepesi ileile. Madoa yamelala, na kwingine kote ngozi yako bado inaonekana ni ngozi. Chini ya macho fanya hivyohivyo. Hii kazi ya doa kwa doa inachukua dakika chache zaidi, lakini ndiyo inayomtofautisha mpambaji na mtu anayepiga rangi ukuta.

Kuvimba kwa chunusi, hicho ni kitu kingine. Fandesheni inafunika rangi, haifuniki umbo. Kipele kilichonyanyuka kitabaki kimenyanyuka hata ukipaka tabaka kumi, na kila tabaka linakipa kivuli kipya. Kiache.

Kwenye poda, watu wa Kisarawe mna jambo la kujivunia. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe laini, na ni moja ya akiba zinazojulikana sana Afrika Mashariki. Kaolini hiyo hiyo, ikishasafishwa viwandani, ni miongoni mwa vitu vinavyowekwa kwenye poda za uso duniani kote kwa sababu inanyonya mafuta. Tafadhali msichukue hii kama ruhusa ya kwenda kuchota udongo mkapaka, wa kwenye vipodozi umeoshwa, umechujwa na umeuliwa vijidudu. Ninachotaka ujue ni kazi yake. Kwa hali ya hewa ya Pwani, poda kidogo kwenye kipaji cha uso, pua na kidevu inaongeza maisha ya fandesheni kuliko tabaka la pili la fandesheni. Mchana ukianza kung'aa, bandika tishu unyonye mafuta kwanza, halafu poda. Ukipaka poda juu ya jasho unatengeneza uji.

Harusi sasa. Hapa nabadilika, hapa naunga mkono nzito, ila kwa masharti. Ukumbini taa za video zinakupiga usoni toka jioni mpaka usiku wa manane, watu wanakuangalia kutoka meza za nyuma, na picha zitakaa ukutani miaka. Taa kali na kamera zinakula rangi, uso mwepesi unaweza kutoka umefifia. Lakini nzito ya maana inajengwa, haimwagwi. Tabaka jembamba, dakika mbili tatu likae, tabaka jingine pale tu panapodai. Shingo, masikio, mabega na kifua cha gauni navyo vipate rangi yake, maana bi harusi anapigwa picha mzima. Kisha piga picha moja na flashi ya simu kabla hujatoka saluni. Poda fulani zenye silika na titani zinarudisha mwanga wa flashi, na kwenye kioo huoni kitu kabisa, ila kwenye picha uso unatoka mweupe kama umemwagiwa unga. Picha moja tu ya majaribio inakuokoa.

Na shughuli ya uswazi mchana chini ya turubai, tena Kisarawe ambako mdundiko ukilia hakuna anayebaki kwenye kiti, hiyo siyo ya nzito. Utacheza, utatoka jasho, wifi zako watakukumbatia na kukupaka machozi. Paka ya kati, iwe ya aina isiyotoka kwa maji, beba tishu na poda kwenye kipochi, kula bata kwa raha zako.

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na njia nyingine ya kulitazama hili. Mwali alipokuwa anaandaliwa, kazi kubwa ilikuwa kwenye ngozi yenyewe: singo, liwa, manjano, siku kwa siku ndani, ili siku ya kutolewa ang'ae bila kufunikwa na chochote kizito. Na kuna upande wa pili unaonivutia kinoma. Wanawake wa Komoro hupaka msindzano, uji wa msandali, uso mzima, wakatoka nao sokoni mchana kweupe. Kule ni uso uliofunikwa kabisa, na hakuna anayejificha. Umepakwa uonekane kwamba umepakwa. Ndiyo maana siwezi kumcheka dada anayependa nzito kwa sababu tu anaipenda, anafurahia ile sanaa, anataka uso uwe kama turubai la mchoraji. Huyo hana shida na mimi. Ninayemuwazia usiku ni yule asiyeweza kufungua mlango wa geto bila kupaka.

Uso wa mwanamke wa nchi hii umeshapangiwa mambo mengi na watu wengine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, mabinti wakakimbizwa stendi kwa sababu ya walichovaa, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi zikapigwa vita rasmi. Miss Tanzania iliyokuwa imefanyika 1967 ikazimwa mpaka 1994. Songa mbele mpaka 2018, na mkuu mpya wa wilaya ya Kisarawe akawa Jokate Mwegelo, aliyeshika nafasi ya tatu Miss Tanzania 2006 na kuanzisha chapa yake ya Kidoti, akapiga kazi ya kampeni ya Tokomeza Zero mashuleni. Kutoka kule hadi huku ni safari. Krimu za kujichubua kweli ni mbaya, hapo hata mimi nilishasema, lakini anayeamua kuhusu uso wangu ni mimi, na nataka niamue nikiwa na taarifa.

Na kati ya taarifa hizo, usafi siyo mada ndogo hata kidogo. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipolipuka Dar, kila mtu aliyekuwa na saluni alitakiwa ajiulize kuhusu brashi zake. Sponji moja kwa wateja wanane ni njia ya wazi ya kuhamisha vijidudu. Brashi zioshwe kwa sabuni na kukauka kabisa, fandesheni ichotwe kwenye kisahani kwa kijiko, isichovywe brashi ndani ya kopo. Na usiku toa yote: mafuta kwanza yalegeze, kitambaa cha maji vuguvugu, sabuni laini, losheni. Aliyelala na nzito ataamka na sababu mpya ya kupaka nzito.

Wakaka mnaosoma kwa kujificha, na nyie mnahusika. Bwana harusi hahitaji fandesheni ya uso mzima. Konsila chini ya macho, poda isiyo na rangi kwenye kipaji na pua, losheni ya midomo, umetokelezea.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti cha mpambaji, Kibaha au Kisarawe, ongea kabla hajafungua chupa. Mwambie shughuli ni saa ngapi, inaisha saa ngapi, ni ndani au nje, kuna video au simu tu, unatoka jasho wapi zaidi. Mwoneshe picha yako mwenyewe unayojipenda, isiwe ya staa. Mwombe apake nusu ya uso kwanza kwa uzito anaoona yeye unafaa, kisha chukua kioo utoke nje mlangoni ujiangalie juani, upande uliopakwa na ambao bado. Ukiona upande uliopakwa haufanani na shingo yako, mwambie apunguze, na umwambie kwa heshima, kwa sababu muda wa kurekebisha ni huo, gari la kwenda ukumbini likiwa bado halijapiga honi.